Jina Ndani ya Ndege ya Mwisho

Dot Haskew aliingia mkahawani Jumatatu baada ya zamu ya asubuhi kutoka. Akapita meza za dirishani ambako hukaa siku zote, akaja kukaa upande wangu. Nilimwona tangu mlangoni. Mimi ni mtu wa kuona. Kwa miaka miwili na miezi tisa tangu nimzike mume wangu, mwanamke yule hakuwahi kukaa meza ninayohudumia mimi, na mimi sikuwahi kumwita. Tulikuwa tukisalimiana kwa kutikisa kichwa, na ilinitosha.

"Dada Ernestine," akasema, "nina neno na wewe."

"Neno na chakula, au neno peke yake?"

"Nipe kahawa."

Nikaenda kuleta kahawa, nimeshaanza kukasirika kabla sijajua la kukasirikia.

Mume wangu, Lamar Pruitt, alifanya kazi kwenye kiwanda cha ndege kinachotazamana na mkahawa wetu hapa Marietta, tangu mwaka 1966 mpaka moyo wake ulipogoma. Alikuwa mpiga ribiti, ile misumari mifupi inayoshikanisha mabati ya ndege. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja yuko nje na bunduki ya upepo, ndiye anayepiga. Mwingine yuko ndani ya tumbo la ndege, amejikunja magoti kifuani, ameshika pande la chuma nyuma ya ribiti ili ikipigwa ibonyee na kukaa. Hawaonani, kati yao kuna bati. Kwa miaka kumi na minane ya mwisho, aliyekuwa ndani ni Dot, kwa sababu ana umbo dogo na mabega yake yanapita mahali ambapo mwanamume hapiti. Walianza na ndege za mizigo. Halafu zikaja hizi za kivita ambazo rada haizioni, wakahamishiwa huko wote wawili, pamoja, kama viatu.

Saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, na Jumamosi pia kazi ikiwa na haraka. Dot alimpata Lamar akiwa amelala vizuri na amekunywa kahawa yangu. Mimi nilimpata akiwa amechoka.

Nisieleweke vibaya. Sikuwahi kudhani kuna jambo la aibu kati yao. Lingekuwa hilo ningejua la kufanya: ningemfuata Dot mpaka kwake, au ningemwombea, au yote mawili siku moja. Wivu wangu haukuwa na pa kushika. Lamar alikuwa akirudi nyumbani, nikimuuliza kazi ilikuwaje anasema "ilikuwa kazi," kisha anakula na kusinzia kwenye kiti. Nikawa najua kuwa maneno yake ya siku ile yote ameshayatoa, na nani ameyapokea.

Siku ya mazishi Dot alikaa benchi la tatu akalia kuliko mimi. Mimi silii mbele za watu. Watu walipopita kuaga, alisimama kwenye jeneza akapitisha kiganja kwenye ukingo wa kifuniko, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Najua ile ni nini. Wale wa ndege zile hupapasa kila kiungo hivyo, kwa sababu ukingo ukisimama hata kwa unene wa unywele, rada itauona. Alikuwa akiikagua kazi, kwa niaba ya Lamar. Nilisimama pale na kofia yangu nyeusi nikawaza: hawa wawili wanaagana, na mimi nipo kama mgeni.

Basi nikamletea kahawa yake.

"Ijumaa tunafunga kifuniko cha mwisho kwenye ndege ya mwisho," Dot akasema. "Baada ya hapo ni rangi tu, halafu inavutwa nje, halafu basi. Ukumbi unazimwa taa."

"Nimesikia. Mji mzima umesikia."

"Weems ameturuhusu kitu." Weems ndiye msimamizi wao. "Kuna kifuniko karibu na gurudumu la mbele. Upande wa ndani, kabla hakijafungwa, kila aliyebaki kwenye kazi anaandika jina. Jina moja kila mtu, si zaidi. Tuko arobaini na wawili. Kikifungwa kinapakwa juu, hakuna atakayekifungua tena mpaka siku ndege inakatwakatwa."

"Vizuri. Mtaandika majina yenu."

"Mimi nataka kuandika la Lamar."

Nikafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Jina langu nani analihitaji?" akaendelea. "Yeye ndiye aliyenifundisha. Lakini nataka liwe kwa mwandiko wake. Weems anaandika la kaka yake aliyefariki, ameleta saini ya marehemu, ataifuatisha. Ndiyo nimekuja. Una karatasi yoyote aliyotia saini? Nikishaifuatisha nakurudishia siku hiyohiyo, haina hata alama ya kidole."

Sijui ningejibu nini. Labda ningekubali, kwa kukunja uso. Lakini hapo akanywa kahawa, ikamkaa vizuri, akagonga sahani ya kikombe kwa kijiko. Mara mbili. Ti-ti.

Nikaacha kufuta meza.

Kwa sababu ile ilikuwa ya kwangu. Kila asubuhi niliyomwekea Lamar sahani mbele yake, uji mzito wa mahindi, yai, skonzi na mchuzi mweupe, alikuwa ananigonga begani kwa vidole viwili, mara mbili. Hivyo tu. Hakuwa mtu wa kusema asante, hakuwa mtu wa kusema nakupenda ila kwenye kadi zilizoandikwa tayari dukani. Alikuwa na zile mbili. Nilizichukua kuwa ndizo maneno yake kwangu, yasiyo ya mtu mwingine chini ya mbingu. Hospitalini usiku wa mwisho alinigonga hivyo mkononi. Nimelala na zile mbili mpaka leo.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Nini?"

"Hivyo ulivyogonga."

Akacheka. "Aa, hiyo! Mazoea tu. Ndivyo nilivyokuwa namwambia Lamar kule ndani. Kelele za bunduki ile husikii mtu. Ukigonga bati mara moja: bado, piga tena. Mbili: imekaa, twende inayofuata. Tatu: imeharibika, itoe. Tulikuwa tunaongea hivyo kutwa nzima, dada. Siku nyingine tunamaliza zamu hatujafungua mdomo hata mara moja."

Imekaa, twende inayofuata.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Sina karatasi yoyote. Nilichoma. Andika jina lako, Bi Haskew, ndilo ulilopewa nafasi yake."

Alinitazama kwa macho yake madogo ya kijivu. Akaona kuwa nasema uwongo, nami nikaona kuwa ameona. Ana haki ya kuona pia. Ila hakunibishia. Aliacha pesa ya kahawa na bakshishi mezani akatoka, na kikombe hakikuwa kimefika hata nusu.

Nilikuwa na droo nzima ya karatasi za Lamar. Sikuchoma hata moja.

Jumanne Weems mwenyewe alikuja kula, na wenzake watano, wamekaa meza ndefu. Kundi lile tangu tangazo litoke lilikuwa linacheka kuliko zamani, kicheko cha watu wanaojua kuwa baada ya Krismasi wengine watahamishiwa ndege za mizigo na wengine watapewa mkono wa kwaheri.

"Mama Pruitt!" Weems akaita. "Niongezee sukuma wiki, tafadhali. Januari nitakuwa nakula mchana kwa mke wangu, na wewe unamjua mke wangu."

"Namjua. Nitakuombea."

"Mwombee yeye. Hajawahi kuniona mchana tangu mwaka tisini."

Mmoja wao akasema kwamba Wajapani walizitaka ndege hizi, pesa mkononi, wakabembeleza.

"Wakanyimwa," akasema Weems. "Sheria. Hatuuzi kwa mtu, hata rafiki. Sasa na sisi wenyewe tumeambiwa zinatosha. Hatuuzi, hatuazimi, hatutengenezi."

"Kama shangazi yangu na sufuria ya bibi," mwingine akasema. "Hampi mtu, na hapikii. Imekaa kabatini inamwangalia."

Wakacheka mpaka vikombe vikatikisika. Nilicheka nao huku namimina chai baridi, lakini nilimwagia mtu mkononi, na mimi simwagi.

Nikamvizia Weems alipokuja kulipa.

"Bwana Weems, nina ombi. Niingize Ijumaa niandike jina la mume wangu mwenyewe. Dakika moja. Nifungeni kitambaa machoni mpaka hapo kwenye kifuniko, nifungueni, niandike, nifungeni tena."

Akanitazama kwa huruma, kitu ambacho sikumwomba.

"Mama Pruitt, mke wangu hajawahi kukanyaga pale. Miaka kumi na minne ananiuliza natengeneza nini, namwambia majokofu. Hata ukiwa na kitambulisho cha malaika Gabrieli, yule mlinzi atakurudisha."

"Basi jina la Lamar liandikwe na nani?"

"Na mwenye nafasi. Dot ameshaniambia nafasi yake anampa Lamar. Nilimuuliza, Dot, na wewe mwenyewe je? Akasema hiyo siyo shida." Akachukua kijiti cha meno. "Si mlishaongea?"

"Tulishaongea," nikasema.

Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kwamba aliitoa nafasi yake bila hata kuipima. Mke anapotoa kitu kwa ajili ya mume hakuna anayemtazama mara mbili, ni wajibu. Huyu atoe jina lake moja na ukumbi mzima utajua, watu arobaini na mmoja watasimama pale wakione kifuniko na kusema, tazama Dot alichomfanyia Lamar. Na mimi nitakuwa nje ya ukuta nafuta meza.

Jumatano jioni tulikuwa na ibada ya maombi. Mchungaji aliuliza nani ana haja ya kuombewa. Watu wakasimama: goti, mtoto aliye jeshini, kazi zinazokwisha. Mimi hukaa benchi la pili kushoto, na nimesimama mara nyingi kwa ajili ya wengine. Jumatano ile nilikaa. Tulipoinamisha vichwa niliomba kalamu ya Dot ikauke wino. Niliposikia ombi lile ndani ya kichwa changu nilishtuka, kwa maana nimekuwa Mkristo tangu nina miaka tisa. Lakini sikuliondoa. Niliongeza tu "mapenzi yako yatimizwe" mwishoni, kama mtu anayefunika sufuria.

Alhamisi jioni binti yangu Rosalind alipiga simu kutoka Chattanooga, kama kila Alhamisi. Tuliongea habari za shule ya mwanawe na kama nitakwenda kwao Krismasi. Sikukusudia kumwambia kitu. Nilijisikia namuuliza:

"Rosalind, baba yako alianza lini kunigonga begani?"

"Kukugonga?"

"Mara mbili. Nikimwekea chakula."

"Mama, unaniuliza kitu ambacho kilikuwepo kabla yangu. Mimi alikuwa ananigonga soli za viatu. Unakumbuka nilipokuwa chekechea, anainama kunifunga kamba, akimaliza anagonga soli mara mbili, anasema, 'Umefungwa, nenda.' Hata Devin namfanyia. Nimemfanyia leo asubuhi."

Nikakaa kwenye kiti cha simu.

Rosalind alikuwa chekechea mwaka 1977. Dot Haskew aliajiriwa mwaka 1991. Nakumbuka kwa sababu Lamar alikuja nyumbani akasema wamempa mwanamke ndani ya bati na atajifunza au ataacha.

"Kwa nini unataka kujua?" Rosalind akauliza.

"Dot Haskew anagonga hivyo pia."

"Mama. Wapiga ribiti wote wanagonga hivyo. Yule mzee jirani yetu wa zamani, aliyekuwa kwenye zamu ya Baba, si alikuwa anagonga mlango wetu mbili akiondoka? Ni lugha yao kiwanda kizima. Baba ndiye aliyemfundisha Dot, si alikuwa bosi wake?"

"Alikuwa mkubwa wake."

"Basi. Ulidhani nini?"

"Sikudhani kitu. Mwambie Devin nampenda."

Nilikata simu nikabaki na mkono juu yake. Kwa hiyo Lamar hakuleta nyumbani maneno ya Dot. Alimpelekea Dot maneno ambayo nyumbani kwangu yalikuwa yameshakaa miaka. Mimi nilimwadhibu mwanamke kwa wizi ambao hakuufanya, na aliyelipa ni mume wangu, ambaye jina lake lingekuwa ndani ya kitu kilichomlia maisha yake.

Ningependa kusema wivu uliniondoka hapo. Ulipungua sauti tu.

Nilifungua droo. Karatasi za kodi, kadi za ahadi za kanisa, mkataba wa gari tulilouza zamani. Saini zote zile ni za mtu aliyekaa wima ofisini. Mwishowe nikapata nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, kwa kalamu ya risasi: *Tina, nimetoa takataka. Usibebe tena ile, nzito. Lamar.* Herufi yake ya L ina mkia unaopita chini ya jina lote, kama mtu aliyeanza kuchora barabara. Nikaichagua hiyo.

Simu ya Dot sikuwa nayo. Miaka yote ile sikuwahi kuitaka. Ila niliijua pikapu yake, ya buluu, na mahali anapoiegesha.

Ijumaa saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa magari nje ya geti, na koti la kanisani juu ya sare ya kazi, bahasha ndani ya mkoba. Baridi ilikuwa imeweka ukungu mgumu kwenye vioo vya magari. Walipita watu ninaowapa chakula kila siku, wakaniangalia kama wameniona uchi, kwa vile hawajawahi kuniona upande ule wa barabara.

Pikapu ya buluu ikaja. Dot akashuka na kikopo chake cha chakula cha mchana.

"Dada Ernestine? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimeileta." Nikafungua mkoba. "Niliyokuambia Jumatatu hayakuwa kweli. Sikuchoma. Nisamehe, na ufuatishe hii."

Hakunyoosha mkono. Alibaki ameshika kikopo kwa mikono miwili.

"Tumefunga jana," akasema.

"Weems alisema Ijumaa."

"Mkaguzi wa serikali aliletwa siku moja mapema. Saa saba mchana tukaambiwa sasa hivi. Tulikimbizana na kalamu mbili kwa watu arobaini na wawili. Saa nane kikafungwa. Sasa hivi kimeshapakwa."

Saa saba Alhamisi nilikuwa nakausha sahani, bado nimenuna.

Nitaandika ilivyokuwa, maana Mungu anajua tayari. Kitu cha kwanza kilichonijia si huzuni. Nilifurahi. Ilinipita kifuani furaha ya moto, kama mtu aliyekunywa chai haraka: Dot hakumwandika. Arobaini na wawili wameandika, na mkono wake haukumwandika Lamar wangu. Nilisimama nayo furaha ile muda wa magari mawili kupita. Ndipo nikaelewa kwamba Lamar hayumo. Hayumo kabisa, hata kidogo, na hakuna siku nyingine, wala ndege nyingine.

"Basi uliandika lako," nikasema.

"Hapana."

"Uliandika la nani?"

"Sikuandika." Akaangalia chini kwenye lami. "Kalamu ilinifikia nikiwa baada ya Weems. Kuna nafasi pale ya vidole viwili, na chini yake ni fundi wa nyaya. Nikampitishia kalamu. Weems akasema, Dot, umeruka. Nikamwambia najua."

"Umeacha wazi."

"Wazi."

"Sasa si ungeliandika tu la Lamar? Kwa mwandiko wowote! Mimi niko nje ya ukuta, ningejuaje?"

"Ulisema hapana," Dot akasema. "Wewe ndiye mkewe."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningekuwa na la kujibu. Nikageuza uso upande wa geti, na nilijua kwamba ameshinda tena, bila kujaribu. Mimi nilikuwa na droo nzima nikamnyima. Yeye hakuwa na hata herufi moja, akampa pengo, na kila aliyekuwa pale alijua pengo lile ni la nani. Bila shaka walimpisha kimya. Nawaona kabisa.

"Naweza kuiona?" akauliza.

Nikaitoa bahasha. Sikuiachia. Nilishika upande mmoja, naye akashika pembe nyingine kwa vidole viwili, akainama kwenye taa ya uwanja wa magari akasoma. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyopo.

"Kumbe hivi ndivyo alivyoandika," akasema. "Miaka kumi na minane sijawahi kuuona mwandiko wake. Unajua kule hatuandiki. Kila mtu ana mhuri wake na namba, ukimaliza kazi unapiga mhuri. Wa Lamar ulikuwa mia tatu kumi na saba. Ningeujua popote."

"Mimi sikuujua," nikasema. "Mia tatu kumi na saba."

"Hakukuambia?"

"Alisema ilikuwa kazi."

Dot akatabasamu kidogo, halafu akarudi kwenye bahasha. "Tina ni nani?"

Mungu anisamehe, nilisimama wima zaidi.

"Ni mimi."

"Wewe? Tina?"

"Tangu tuna miaka kumi na saba. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo, hata mama yake."

"Hakuwahi kulisema kule ndani. Alikuwa anakuita Mwenye Nyumba. 'Mwenye Nyumba amenifungia mkate wa mahindi, Dot, usiuguse.' Nikiugusa ananigongea tatu."

"Tatu?"

"Imeharibika, itoe."

Nikacheka, sikutaka. Ilitoka na moshi wa baridi mdomoni. Naye akacheka, na tulikuwa bado tumeishika ile bahasha, kila mtu upande wake, na mlinzi getini anatutazama.

King'ora cha kwanza cha zamu kikalia. Watu wakaanza kutembea haraka. Dot akaniangalia, akaangalia bahasha.

"Niazime leo tu," akasema. "Naiweka ndani ya kitambulisho changu, hapa kifuani. Leo ndiyo siku yetu ya mwisho kuigusa ile ndege. Nikitoka saa nane na nusu nakuletea mkahawani. Siombi zaidi."

Nilijua ni ombi zuri. Nilijua hata mchungaji angeniambia nimpe. Nilijua kwamba Lamar, angekuwepo, angeitoa mkononi mwangu ampe bila kuniuliza, na labda ndiyo sababu vidole vyangu havikufunguka.

"Hapana," nikasema.

Akaachia pembe yake. "Sawa." Hakununa. Akachukua kikopo chake kilichokuwa juu ya bodi ya pikapu na kuanza kwenda.

Alikuwa ameshapiga hatua kama kumi. Nilikunja bahasha nikaiweka kwenye mkoba nikafunga kibanio.

"Dot!" Nilikuwa sijawahi kumwita kwa jina hilo. Akageuka. "Njoo kwangu Jumapili. Baada ya ibada. Nitapika."

"Jumapili hii?"

"Hii. Itakuwepo mezani. Utakaa nayo unavyotaka, na mimi nitakueleza takataka zilikuwa za nini. Na wewe utanieleza saa nane za kila siku. Zote. Nina muda."

Alifikiri, kichwa kimeinama upande, watu wakimpita kushoto na kulia.

"Nije kanisani pia, au chakula tu?"

"Kanisani kwanza. Benchi la pili kushoto."

"Mh. Unanitoza, Mwenye Nyumba."

"Nakutoza."

"Na bahasha, utaniacha niishike mwenyewe? Bila wewe kushika upande wa pili?"

King'ora cha pili kikalia. Ilinibidi nipaze sauti, na mlinzi na nusu ya zamu ile walinisikia.

"Ukishanawa mikono!"

Akainua kikopo chake juu, akapita getini. Mimi nikavuka barabara kwenda kuwasha majiko.